Anza Kabla ya Mkupuo: Biashara Ndogo kwa Mfanyakazi Aliyevuka Hamsini

Wafanyakazi wengi wa Tanzania wanalijua neno kikokotoo kuliko wanavyoijua michango yao wenyewe. Desemba 2018 kanuni mpya ya kukokotoa mafao ilizua manung'uniko makubwa, hadi Rais John Magufuli akaisitisha. Julai 2022 ikaja nyingine, ya malipo ya mkupuo ya asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikapandisha tena: asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye kundi la 25. Kinachobaki hulipwa kidogo kidogo kama pensheni ya kila mwezi.

Ubishi huo bado haujaisha, na wanaoubishania wana haki. Ila kwa mtu anayetaka kufungua biashara ukubwani, ukubwa wa mkupuo si jambo la kwanza kuuliza. La kwanza ni lini aanze. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na analazimika akifika 60. Miaka hiyo, pamoja na michache iliyotangulia, ana kitu ambacho hatakuwa nacho tena: mshahara unaoingia hata mwezi ambao biashara imelala. Mtu wa miaka 51 akifiwa na kuku wote, mwisho wa mwezi bado atalipa ada ya mtoto. Mstaafu wa miaka 61 akifiwa na kuku hao hao, amekula akiba ya uzee wake.

Ushauri wa makala hii kwa hiyo ni mmoja, na mengine yote ni maelezo yake. Jifunze biashara ukiwa kazini, kwa fedha ya mshahara, kwa kiasi kidogo. Mkupuo usije ukatumika kulipia makosa ya mwanzo.

Kiasi kidogo ni kiasi gani? Andika fungu ambalo, ukilipoteza lote, mishahara ya miezi sita inaweza kulirudisha bila mtoto kufukuzwa shule kwa ada na bila kubisha hodi kwa mkopeshaji. Huo ndio mtaji wako wa mwanzo, hata kama unakutia aibu kwa udogo wake. Kabla ya kuugusa, tenga akiba ya dharura mahali pengine. Akaunti ya benki inatosha, au mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS ambao fedha yake hutoka ndani ya siku chache. Biashara changa huomba fedha kila wiki, na akiba iliyo kwenye simu ile ile unayofanyia biashara haikai.

Hesabu ya kuku 200

Nachukua mfano wa kuku wa mayai kwa sababu hutajwa mapema sana kwenye semina za wastaafu watarajiwa na kwenye makundi ya WhatsApp ya maofisini. Bei ninazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Ziondoe, weka za soko lako.

Kifaranga wa siku moja huanza kutaga akifika wiki ya 18 hadi ya 20. Mpaka hapo atakuwa amekula kilo 7 hadi 8 za chakula. Kuku 200 basi wanakula kama tani moja na nusu, yaani mifuko 30 ya kilo 50, kabla hujaokota yai la kwanza. Tuseme mfuko ni shilingi 60,000: hiyo ni 1,800,000. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Walipiga bajeti ya banda, vyombo na vifaranga, wakasahau kwamba kuku hula miezi minne na nusu bila kurudisha hata shilingi. Fedha ikikata wiki ya 13, mtu anaanza kuchanganya pumba kwa kukisia, na kuku waliodumaa hawafidii baadaye.

Sasa wameanza kutaga. Kuku mmoja anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 200 wanakula kilo 24 kwa siku na kilo 720 kwa mwezi, ambayo ni mifuko 14 na kidogo, sawa na shilingi 864,000. Wakitaga vizuri, robo tatu ya kundi kila siku, unapata mayai 150, yaani trei tano. Kwa mwezi ni trei 150. Ukiuza kwa jumla 8,000 kila trei, mauzo ni 1,200,000. Ukitoa chakula zinabaki 336,000. Mtunzaji umlipe 200,000, kwa sababu wewe saa nne asubuhi upo ofisini. Zinabaki 136,000. Toa chanjo na dawa, maranda, maji, umeme na nauli ya kupeleka mayai, tuseme 60,000. Umebaki na 76,000.

Shilingi 76,000 kwa mwezi, na hapo hakuna yai lililoibwa, mdondo haujabisha hodi, na bei ya trei haijashuka. Gharama ya vifaranga na banda bado hujaanza kuirudisha. Utafarijika kidogo mwishoni, ukiuza kuku waliochoka kutaga baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Linganisha na ile hesabu inayozunguka kwenye simu, ya kwamba kuku 200 watakulipa kuliko mshahara wako.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kuku 500. Chakula kinafika mifuko 36 kwa mwezi, shilingi 2,160,000. Mayai ni 375 kwa siku, trei 375 kwa mwezi, shilingi 3,000,000. Tofauti ni 840,000. Mtunzaji ni yule yule mmoja wa 200,000, na gharama nyingine ukiziweka 150,000 unabaki na 490,000. Mshahara wa mtunzaji umegawanywa kwa kuku wengi zaidi, ndiyo siri yote.

Je, basi uanze na 500? Mimi nasema hapana. Kuku 500 wanadai mifuko 75 kabla ya yai la kwanza, shilingi 4,500,000 za chakula peke yake, na kundi la kwanza ndilo utakalokosea ratiba ya chanjo, utakalouziwa vifaranga dhaifu, utakaloajiri mtunzaji asiye sahihi. Kosea na 200. Kundi la kwanza usilidai faida. Lidai majibu: nani ananunua trei tano kila siku bila kukopa, chakula cha nani hakijachakachuliwa, daktari gani wa mifugo anapokea simu usiku. Ukiwa na majibu hayo kwenye daftari, kundi la pili unaweza kulipanua ukiwa umefumbua macho.

Biashara yoyote unayoifikiria, iwe saluni, mashine ya kusaga, wakala wa fedha au viungo vya kupaki, ipitishe kwenye maswali hayo hayo. Itakula kiasi gani kabla ya kuanza kulipa? Ni gharama gani haibadiliki hata mauzo yakiwa madogo? Nani atakuwepo wakati wewe haupo?

Mwenye mali hayupo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ongeza foleni za Mbagala au Kimara, ongeza misiba, harusi na vikao vya ukoo ambavyo mtu wa umri wako hawezi kuvikwepa, utaona muda uliobaki ni Jumamosi mchana na saa moja na nusu kila jioni. Umri nao una neno. Usiku mmoja wa kukesha na vifaranga baada ya umeme kukatika hauondoki mwilini kwa siku moja kama ulivyokuwa ukiondoka zamani.

Kwa mfanyakazi, biashara nzuri ni ile inayohesabika hata kama hukuwepo. Mayai yanahesabika, na mifuko ya chakula inahesabika. Mtunzaji akikuambia kuku wamekula kilo 30 leo badala ya 24 ilhali idadi haijaongezeka, una swali la kumuuliza ukiwa ofisini kwako. Bodaboda inahesabika pia: dereva analeta hesabu ya siku mliyokubaliana, na akikosa siku mbili unajua. Duka la rejareja ni gumu zaidi. Bidhaa ni mamia, bei zinabadilika, na kuna daftari la wateja wa kukopa ambalo muuzaji analiandika peke yake. Mwenye duka asiyekuwepo asipohesabu bidhaa zote walau mara moja kwa mwezi, atajua duka limekwisha siku rafu zinapobaki tupu.

Kumweka ndugu asimamie ni jambo la kawaida kwetu, na mara nyingi ndiye mwaminifu kuliko wote. Shida huja pale asipokuwa na mshahara unaojulikana. Shemeji anayeishi nyumbani kwako na kusimamia banda "kwa kusaidiana" atajilipa mwenyewe, na mbele ya ukoo huna pa kulalamikia. Mpe kiwango, mpe maandishi, mpe siku ya mapumziko. Hata sheria ya kazi inataka mwajiriwa apewe masharti yake kwa maandishi, na sasa wewe ndiye mwajiri.

Mauzo yapite mahali pamoja panapoonekana. Lipa namba ya biashara, kwa laini isiyo ile unayotumiwa michango ya harusi, itakupa kumbukumbu ya kila shilingi bila kumwuliza mtu. Ukihitaji fedha kutoka kwenye biashara, jiandikie kama umejilipa.

Tumia likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Mwaka mmoja, badala ya kwenda kijijini, kaa kwenye biashara ya mtu mwingine unayoitamani. Umwombe, mbebee mizigo, uone asubuhi wanavyopokea bidhaa na jioni wanavyofunga hesabu. Walimu wana nafasi kubwa zaidi hapa kwa sababu ya likizo za shule, ila wachache wanaitumia hivyo.

Mwajiri wako

Soma mkataba wa ajira kabla ya kusajili jina la biashara. Baadhi ya mikataba ya sekta binafsi inamtaka mfanyakazi aombe ruhusa ya maandishi kwa kazi yoyote ya nje, na mingine inakataza biashara inayoshindana na ya mwajiri. Mtumishi wa umma asome Kanuni za Kudumu na miongozo ya maadili ya kada yake. Aliyefikia cheo kinachoguswa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 anatakiwa pia kutamka mali na maslahi yake, na biashara hiyo imo.

Mambo yanayowaponza watu kazini yanafahamika. Kuiuzia ofisi yako bidhaa kupitia jina la mke au la mume. Kuchapisha vipeperushi vyako kwa karatasi za serikali. Kupokea simu za wateja katikati ya foleni ya wagonjwa. Muuguzi mwenye duka la dawa ana mzigo wa ziada: kibali ni cha Baraza la Famasi, anayetoa dawa lazima awe amepata mafunzo yanayotambuliwa, na boksi moja la dawa za hospitali likikutwa kwenye rafu yake, ajira na duka vitaondoka siku moja. Ukiwa na shaka, andika barua ya kuomba ruhusa na utunze nakala iliyogongwa muhuri.

Mkopo

Mfanyakazi anakopesheka kirahisi, na hapo ndipo hatari ilipo. Benki inaangalia mshahara, haiangalii banda lako. Utaratibu wa kubakiza theluthi moja ya mshahara baada ya makato upo kwa ajili ya kukulinda, lakini theluthi hiyo inatosha unga na nauli tu. Rudi kwenye wale kuku: ukikopa kuwanunua, rejesho linaanza mwezi ujao, yai linaanza mwezi wa tano. Katikati hapo unalipia kuku na mkopo kwa mshahara uliokwisha kukatwa.

Kama lazima ukope, anza na SACCOS ya kazini, ambako unakopa kulingana na akiba zako na mwenyekiti ni mtu unayemfahamu. Mkopo uishe mapema kabla ya tarehe yako ya kustaafu. Wakopeshaji wa kausha damu, wanaoshikilia kadi ya benki na namba yake ya siri au kudai rejesho la kila siku, usiwaendee hata kwa wiki moja. Na nyumba ya familia isiwekwe rehani kwa ajili ya kujaribu. Ukitaka kuiweka, sheria inahitaji ridhaa ya mwenzi wako. Kumficha mwenzi jambo hilo kumewahi kuzivunja ndoa kabla benki haijafika mlangoni.

Makaratasi

Jina. Ukifanya biashara kwa majina yako kamili halisi, si lazima kusajili jina la biashara. Ukitaka jina lingine, unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao kwa kutumia namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kampuni ina gharama na taarifa za kila mwaka, na kwa banda la kuku 200 haina maana.

TIN, yaani namba ya mlipakodi. Huenda unayo tayari, uliyoichukua kwa ajili ya leseni ya udereva au gari. Hiyo ni TIN isiyo ya biashara. Usiombe nyingine, kwa sababu mtu mmoja ana namba moja tu. Nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) ibadilishwe iwe ya biashara. Huduma hiyo haina malipo, na anayekudai "ya soda" usimpe.

Kodi. Hapa pana jambo ambalo jirani mwenye duka hatakuambia, kwa sababu yeye halimhusu. Mfumo wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, ule ambao mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, umewekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kwa mtu ambaye mapato yake ya mwaka yanatokana na biashara peke yake. Wewe una mshahara. Mweleze ofisa wa kodi waziwazi kwamba umeajiriwa, na uulize utakadiriwaje na ritani gani utajaza. Kumbuka pia kwamba kinachopimwa kwenye viwango ni mauzo. Wale kuku 200 waliokuachia 76,000 kwa mwezi wana mauzo ya 14,400,000 kwa mwaka. Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Bila daftari la mauzo na risiti za manunuzi, huna cha kubishia makadirio.

Leseni. Biashara nyingi ndogo ni za halmashauri, na maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Utahitaji TIN na hati ya TRA ya kuthibitisha kodi. Chakula cha kusindika, kama unga wa lishe au siagi ya karanga, kiko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Anzia ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wanajua njia, wana mafunzo, na huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS.

Lini uache

Weka tarehe ya kujipima kabla hujaanza, uiandike, na mwenzi wako aijue. Kwa kuku wa mayai, mwisho wa kundi la kwanza ni kipimo cha haki. Kwa duka, mwaka mmoja wa hesabu safi unatosha. Kama kila mwezi mshahara unaendelea kuingia kwenye biashara na hakuna mwezi biashara imejitegemea, funga. Mtu wa miaka 53 aliyefunga duka baya bado ana muda wa kujaribu lingine, na sasa anajua anachokitafuta.

Uzembe wa mwisho huwapata hata waangalifu. Mtu anauza rafu, anarudisha funguo kwa mwenye pango, anaendelea na kazi yake akidhani yamekwisha. Kwenye mfumo wa TRA bado ni mfanyabiashara, na makadirio na adhabu za kuchelewa zinaweza kuendelea kumhesabia hadi siku atakapohitaji hati ya kodi kwa jambo lingine. Ukifunga biashara, peleka taarifa ya maandishi TRA na halmashauri, uombe nakala iliyopokelewa, uitunze.